Theluji si kosa lenu. Kumlaza mama yangu sakafuni je?

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mabegi yaliyopotea, huu una jambo lake: kampuni ya ndege na haki za abiria aliyekwama. Ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mkikutana na neno kali mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 68, mwalimu mstaafu, mtu wa Morogoro. Alikuja huku Göteborg, Sweden, mwezi wa kumi kunilea uzazi. Wanaojua wanajua: uji wa pilipili manga saa 12 asubuhi, kukandwa na maji ya moto mpaka machozi yanakutoka. Viza yake ya Schengen ilikuwa ya siku 90. Mwezi wa kwanza, siku ya 88, nikamsindikiza uwanjani. Tiketi ni moja mpaka Dar, anabadilisha ndege Ujerumani. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo kiti cha magurudumu nilikiomba siku ileile niliponunua tiketi, na kimeandikwa kwenye tiketi.

Ujerumani alifika salama. Akapita pasipoti, akagongewa muhuri wa kutoka, akasukumwa mpaka getini. Ndipo theluji ikaanza, na haikuwa ya mchezo, hilo sibishi. Saa 3 usiku safari ikafutwa.

Hapo sina neno. Rubani akisema harushi, harushi, mimi namtaka mama yangu mzima. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu wa humu, hata ukurasa wa kwanza hautaisha atatokea mtu wa "shukuru Mungu ndege haikuanguka". Namshukuru sana. Malalamiko yangu yanaanzia pale ndege ilipokuwa imeshatulia chini na abiria wameachwa kama mizigo.

Yule wa kiti cha magurudumu alimwacha Mama kwenye foleni, akaondoka na kiti, eti kuna wengine wanakisubiri. Masaa matatu Mama amesimama ameegemea nguzo. Kufika kaunta akapewa vocha ya euro 10 na kikaratasi chenye namba ya simu. Akauliza kuhusu hoteli. Akajibiwa kwamba ni hali ya hewa, si kosa la kampuni, kila mtu ajitafutie. Halafu dada wa kaunta akaitazama pasipoti, akaongeza kwamba yeye hata hoteli akiipata hatoki nje, ameshagongewa muhuri. Ile namba ya simu niliipiga mimi huku. Dakika 44 za muziki, kisha ikakata.

Mkate wenye jibini na chai vilikuwa euro 11 na senti 60. Mama mkononi ana krona za Sweden, muuzaji hazitaki. Akarudisha chai.

Dawa zake za presha zilikuwa kwenye begi lililoshapakiwa. Hilo ni kosa letu, dawa haziwekwi huko, nimejifunza. Ila alipoomba begi akaambiwa mpaka kesho. Vitanda vya turubai vililetwa, vikaisha kabla hajafikiwa. Mwalimu wa watoto wa watu kwa miaka 35 akatandika khanga zake mbili chini, akalala, kichwa kwenye mkoba.

Saa 12 asubuhi simu yangu ikalia, picha kwenye WhatsApp. Mwalimu hata astaafu hapiti mahali pamebandikwa kitu asisome. Alikuwa amezunguka nyuma ya kaunta ya kampuni hiyohiyo, akakuta tangazo limefichwa na bango la matangazo ya likizo. Linasema kwamba safari yako ikifutwa, au ikichelewa angalau masaa mawili, uombe kaunta au getini karatasi inayoeleza haki zako, hasa za fidia na huduma. Chini ya picha Mama ameandika: "Mwanangu hii inasemaje? Mbona wao wanasema hakuna?"

Nikakaa na mtoto kifuani nikaanza kusoma. Wakuu, nilichokikuta ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Kuna Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Inamhusu kila anayeondoka kwenye kiwanja cha nchi za Umoja huo, ndege iwe ya Ulaya, ya Uarabuni au ya kwetu, na haijali una pasipoti ya rangi gani. Ndani yake mna mambo matatu ambayo kampuni hupenda kuyakoroga kwenye sufuria moja. Safari ikifutwa, uchaguzi ni wako: kurudishiwa nauli ndani ya siku 7, au kupelekwa uendako kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo, au siku nyingine utakayoipenda kama nafasi ipo. Pili kuna matunzo wakati unasubiri, yaani chakula na vinywaji, hoteli kama unalala, usafiri wa kwenda na kurudi hotelini, na simu mbili au barua pepe. Tatu ndiyo fidia, euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali.

Sasa shikeni hapa. Theluji, majivu ya volkano, kimbunga, yaani zile wanazoziita "hali zisizo za kawaida", vyote vinaifuta ile ya tatu PEKE YAKE, tena kampuni ndiyo inayotakiwa kuthibitisha kwamba tatizo lisingeepukika hata kwa kufanya kila linalowezekana. Nauli na matunzo haviguswi. Wewe unaambiwa "hali ya hewa" unanyamaza kwa sababu linaingia akilini. Kumbe wamejibu swali la fidia ambalo hukuliuliza, na swali la chakula wamelipita kimyakimya. Na wale wenye matatizo ya kutembea ndio wa kuangaliwa kwanza, imeandikwa.

Msidhani ni tafsiri yangu ya kujifariji. Mnakumbuka Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland? (Mimi mwenyewe siwezi kulitamka, msiniulize.) Anga ya Ulaya ilifungwa karibu wiki nzima, safari kama 100,000 zikafutwa. Hata Naivasha walilia, maua yaliyokatwa tayari kwa soko la Ulaya yakaishia kutupwa. Basi kuna abiria mmoja wa Ireland alikuwa arudi Dublin kutoka Faro, Ureno, tarehe 17, kwa tiketi ya euro 98. Akakwama mpaka tarehe 24. Akaidai kampuni ya ndege ya Ryanair euro 1,129 na ushee za kula, kulala na kusafiri. Kampuni ikagoma. Hoja ikawa kwamba janga lile limepita hata kiwango cha "hali zisizo za kawaida", kwa hiyo lisihesabiwe kabisa. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hakuna daraja la namna hiyo. Fidia haipo, sawa, ila matunzo yapo, na hayana kikomo cha siku wala cha fedha. Na kampuni isipomtunza abiria, gharama alizojilipia anarudishiwa, mradi zilikuwa za lazima na za kiasi. Mahakama ilisema wazi kwamba ni wakati wa majanga kama haya ndipo abiria anahitaji kutunzwa zaidi.

Majivu ya volkano nzima hayakuwaokoa, leo unaniletea theluji ya usiku mmoja?

Turudi kwa Mama. Nikamwambia aende kwa polisi wa mpakani mwenyewe na karatasi ya safari iliyofutwa. Mjerumani akasoma, akachukua kalamu, akaukata ule muhuri wa kutoka, akamwonyesha mlango. Dakika 10. Yule dada wa kaunta alikuwa amemfungia kwa maneno tu. Na mnaoogopa siku za viza kuisha mkiwa mmekwama, sheria ya viza za Schengen, kifungu cha 33, inataka uongezewe siku bila malipo kama kilichokuzuia ni nje ya uwezo wako. Uombe kabla hazijaisha lakini.

Hoteli nililipa mimi kwa kadi nikiwa Göteborg, euro 139. Teksi na chakula alilipa kijana mmoja wa Kisumu, mwanafunzi, naye amekwama hapohapo. Alimsikia Mama akiongea na mimi kwa Kiswahili, akaja, akambebea mkoba, akamwambia "Mathe, twende." Alitoa euro 83 bila kuulizwa. Jumla 222, risiti ninazo zote 7.

Na kinachonichoma zaidi ni huu mchana wa pili. Theluji imekatika, jua linawaka, ndege za kampuni nyingine zinaruka kuelekea kusini. Nikawaandikia wampeleke na hizo, maana "mapema iwezekanavyo" maana yake ndiyo hiyo. Kimya. Aliondoka jioni ya siku ya tatu, siku ya 90 ya viza.

Nikatuma madai: euro 222, risiti, picha ya tangazo, picha ya sakafu. Fidia ya 600 SIKUIOMBA. Baada ya wiki tano wananijibu: "Kwa kuwa safari ilifutwa kutokana na hali zisizo za kawaida, tunasikitika kwamba hatuwezi kulipa fidia." Nimedai chenji yangu ya mkate, wananijibu duka halikopeshi! Nikawaandikia tena kwa herufi kubwa. Wakanijibu vilevile, nukta kwa nukta, na safari hii wakaongeza vocha ya euro 100 ya kusafiria nao ndani ya mwaka mmoja. Kijana wa Kisumu hakulipa kwa vocha. Sikuipokea.

NYONGEZA 1: Yule wa "shukuru Mungu" ametokea kwenye posti ya nne. Asante kwa kutonikosesha.

NYONGEZA 2: Mmeniuliza wengi kuhusu kutoka Dar au Nairobi. Hiyo 261 inakufuata kutoka kwetu kwenda Ulaya kama tu ndege ni ya kampuni ya Ulaya. Ukipanda ya Uarabuni au ya Kiafrika hapo Dar, haikuhusu. Kinachobaki ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, Tanzania na Kenya zote zimo, ila ule unasamehe kampuni ikithibitisha kwamba ilifanya kila lililowezekana, na una miaka 2 tu ya kufungua kesi. Binamu yangu wa Kariakoo alikwama Dubai kwenye yale mafuriko ya Aprili 2024, akienda Guangzhou kuchukua mzigo. Usiku wa kwanza alilala chini karibu na bomba la maji na hakuna kanuni aliyoweza kuwashikia. Kwa Tanzania pelekeni malalamiko kampuni kwanza, kisha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lipo kwa ajili yenu, litumieni.

NYONGEZA 3: Mkuu uliyesema niende mamlaka ya anga ya Ujerumani, nimeangalia. Wale wanaweza kuipiga kampuni faini, ila hela yako hawakudaii. Kilichobaki ni wasuluhishi wa mambo ya safari walioko Berlin, ambao abiria hawamtozi, ukishadai na miezi miwili ikapita bila kulipwa. Yangu inatimia Ijumaa ijayo.

Kwa hiyo swali langu: kuna mtu humu ameshapita kwa hao wasuluhishi? Ilichukua muda gani, na waliwakubalia risiti ambayo jina si la msafiri? Ile ya teksi ina jina la kijana. Mama kila akipiga simu kutoka Moro haulizi habari ya kampuni, anauliza yule mtoto wa Kisumu alirudishiwa hela yake? Alirudishiwa Mama, siku ileile uliyoondoka.