Historia ya tafsiri ya Qur'an: vipindi tunavikata wapi?

mwanadarsa
Assalamu alaykum wandugu. Naandaa somo la historia ya tafsiri (yaani kufafanua maana ya Qur'an, si kuihamishia lugha nyingine) kwa wanafunzi wanaoanza, nimekwama kwenye vipindi. Mgawanyo niliosomeshwa ni wa hatua tatu: Mtume (s.a.w.) na Masahaba, halafu Tabiina (wanafunzi wa Masahaba), halafu zama za kuandika vitabu mpaka leo. Sasa hiyo ya tatu mbona kubwa hivyo, ina miaka elfu moja na ushee, Tabari wa zama zile na Muhammad Abduh wa juzi tu wanakaa kapu moja? Na Muqatil bin Sulayman aliyefariki 150 Hijria, kafasiri Qur'an nzima muda mrefu kabla ya Tabari, yeye nimweke wapi?

kalamu_na_wino
Wa alaykum salaam. Hatua mbili za mwanzo ziache, ila zifundishe kwa miji ndo zinaeleweka vizuri: Makka kwa Ibn Abbas na wanafunzi wake kina Mujahid na Ikrima, Madina kwa Ubayy bin Kaab, Kufa kwa Ibn Masud. Ya tatu ndo uivunje. Mimi nakata kwa Tabari (kafariki 310 H, yaani 923), si kwamba ndo wa kwanza kuandika, ila yeye kakusanya kauli za waliomtangulia pamoja na sanad zake (mlolongo wa waliozipokea) halafu anazipima na kusema ipi ina nguvu. Muqatil yeye anasimulia tu moja kwa moja, sanad mara nyingi hana, na wanahadithi hawakumkubali. Kwa hiyo Muqatil yuko kipindi cha kuundwa kwa elimu hii, na Tabari ndo anakifunga.

ukhty_nahau
Hapo kwa Tabari mi sikubaliani sana. Ukiuliza madrasa za karne nyingi zilisomesha nini, jibu ni tafsiri za Zamakhshari (kafariki 538 H) na Baydawi, na hashia (maelezo ya kukifafanua kitabu) juu ya hashia za Baydawi. Tabari kitabu chake kizima kimechapishwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 20 tu! Ukubwa tunaompa leo sehemu yake imetokana na hapo, na ukimfanya mpaka mkuu wa historia nzima wanafunzi watadhani kila aliyekuja baadaye alikuwa anamsoma yeye.

Ushauri wangu, chukua aya moja uifuate. Mfano Alif Lam Mim, herufi za mwanzo wa sura ya Baqara. Tabari anakuletea kauli nyingi, kuna wanaosema ni jina la Qur'an, kuna wanaosema ni kiapo, kuna wanaosema herufi zimekatwa kwenye majina ya Mwenyezi Mungu, zote na wapokezi wake, mwisho anaona zinaweza kubeba maana hizo kwa pamoja. Njoo kwa Zamakhshari, anakuingiza kwenye balagha (ufasaha wa lugha): ni herufi hizi hizi mnazozungumza nyinyi Waarabu, na bado mmeshindwa kuleta mfano wake. Fungua Jalalayn, tafsiri fupi ya watu wawili, hapo ni kalamu ya Suyuti (911 H), sentensi moja tu, Mwenyezi Mungu ndiye anayejua alichokusudia, basi, anaenda mbele. Wanafunzi wakiziona tatu hizi zimepangwa pembeni kwa pembeni wataona wenyewe mambo yalivyobadilika, hata tarehe hujataja.

mwanadarsa
Maashallah, hii ya Alif Lam Mim naichukua. Je hicho kipindi cha hashia nikiite zama za kudumaa kama wanavyoandika wengi?

mpenda_hashia
Usifanye hivyo tafadhali, inaniuma kila nikiisoma. Wanaoandika hivyo wengi wao hashia hawajazifungua, mle ndani kuna mijadala ya nahau, mantiki na akida ambayo huikuti pengine. Halafu Shawkani wa Yemen (1250 H) na Alusi wa Baghdad (1270 H) utawaweka wapi, na Ruh al-Maani, tafsiri ya huyo Alusi, ilivyo kubwa vile?

Kipindi cha kisasa anzia tafsiri ya al-Manar. Darsa za Abduh pale Azhar, Cairo, mwanafunzi wake Rashid Rida akawa anaziandika na kuzitoa kwenye jarida la jina hilo hilo, Abduh alipofariki 1905 akaendelea mwenyewe mpaka Surat Yusuf. Kilichobadilika hapo ni msomaji, tafsiri inamfikia mtu anayesoma jarida nyumbani, hajakaa mbele ya sheikh.

Na Mashia usiwaruke kama mlivyowaruka wote hapo juu, Tusi (460 H) na Tabrisi (548 H) wako katikati kabisa ya hicho mnachokiita kipindi cha vitabu vikubwa.