Mwonjaji, fedha, pembe au jiko lenye mlinzi: kipi kilimkinga mfalme na sumu?

Mtu wa Kadutu (Bukavu)
Bakubwa, tulinganishe. Wafalme wa zamani walilindwa na mtu wa kuonja, au kipande cha madini ya fedha ndani ya sahani, au chombo kilichosadikiwa kufichua sumu, au ulinzi wa jiko lenyewe. Ukiambiwa uchague kimoja, unachukua kipi? Mimi nasema mwonjaji. Hata hapa kwetu mwenye kasiksi, pombe ya ndizi, hupiga fundo la kwanza mbele ya mgeni.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)
Ndugu, mwonjaji ana matundu mawili. La kwanza ni muda. Akoniti, sumu ya mmea, huchoma ulimi na midomo ndani ya dakika chache, hiyo ataigundua. Arseniki, sumu itokayo kwenye mawe, yaweza kungoja nusu saa, hata masaa. Uyoga aina ya Amanita phalloides hukaa kimya masaa 6 hadi 12 au zaidi. Sasa ni mfalme gani atakayengoja nusu siku mbele ya nyama iliyopoa? Anakula papo hapo, wanaugua wote wawili.

La pili ni kile kinachoingia baada ya kuonja. Roma, mwaka 55, mwanahistoria Tacitus anaeleza jinsi Britannicus, mwana wa Kaisari Claudius, alivyouawa. Kinywaji kililetwa cha moto sana, mwonjaji akakionja, hakuna neno. Kijana akakikataa kwa ule moto, wakamwongezea maji baridi. Sumu ilikuwa ndani ya maji, na maji hayakuonjwa. Tena mwaka uliotangulia Claudius mwenyewe alikufa, na mwonjaji wake Halotus akawa miongoni mwa walioshukiwa. Baadaye Kaisari Galba akampa cheo kinono!

Himbi juu (Goma)
Na fedha je? Kwa makaisari wa Uchina wa ukoo wa Qing kila sahani ilitiwa kibati cha fedha. Kikigeuka cheusi, chakula kinaondolewa.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)
Kinachoitia fedha weusi ni salfa, si arseniki. Arseniki ya zamani ilisafishwa vibaya, ikabaki na salfa ya mawe ilikotoka, ndiyo maana kibati wakati mwingine kilifanya kazi. Ikiwa safi, fedha inabaki inang'aa na mtu anakufa. Kwa upande mwingine kiini cha yai la kuchemsha kinaitia weusi bila sumu yoyote, mpishi wa watu anaingia matatani bure. Sumu za mimea na uyoga hazigusi fedha kabisa.

Mama Nyota (Lubumbashi)
Vyombo vya imani ndivyo hasara tupu. Masultani wa Istanbul walikusanya kauri ya kijani ya Uchina, zaidi ya vipande 1,300 vipo hadi leo Topkapı, jumba lao la zamani, na ilisemwa kwamba sumu ingeipasua au kuibadilisha rangi. Kauri iliyochomwa vizuri haijali sumu. Huko Ulaya walinunua kwa bei ya kutisha "pembe ya farasi mwenye pembe moja", kumbe ni jino la narwali, mnyama wa bahari ya barafu. Jiwe la tumboni mwa mbuzi, bezoari, lililosadikiwa kuponya sumu, lilijaribiwa zama za Charles IX wa Ufaransa: mpishi aliyeiba sahani za fedha, aliyehukumiwa kunyongwa, alikubali kumeza sumu kisha bezoari. Akafa kwa mateso baada ya masaa kadhaa. Daktari Ambroise Paré alikuwepo, akaandika.

Mimi nachukua jiko. Versailles, kwenye kasri la wafalme wa Ufaransa, chakula cha mfalme kilitoka jengo jingine kikisindikizwa na walinzi, na maofisa waligusisha vipande vya mkate kwenye chumvi, kijiko, uma, hata kitambaa, kisha wakavila. Angalia hapo: walipima vyombo pia, si chakula tu. Ubaya wake, safari ilikuwa ndefu na chakula kilifika kimepoa.

Mtu wa Kadutu (Bukavu)
Nakubali mama. Nyongeza: ufalme wa Loango, pwani ya Kongo, mfalme alikula katika nyumba moja na kunywa katika nyingine, na aliyemwona akila aliuawa. Lakini hilo lilihusu uchawi na utakatifu wa mfalme zaidi kuliko jiko, nisilitie sana kwenye hesabu.

Himbi juu (Goma)
Mumemsahau Mithridates, mfalme wa Ponto kando ya Bahari Nyeusi, aliyezoesha mwili kwa sumu kidogo kidogo. Mwaka 63 kabla ya Kristo alitaka kujiua kwa sumu, ikashindwa, ikabidi mlinzi amchome upanga.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)
Papa, soma mwanahistoria Appian hadi mwisho. Sumu ile aligawana na mabinti zake wawili, nao wakafa. Appian anasifu dawa alizozoea kunywa, lakini dozi moja ikigawanywa kwa watu watatu, mimi kwanza nauliza yeye alibakiwa na kiasi gani.