Tupeane uzoefu: Kilomita gani ilikutoa machozi kwenye mbio?

Vigimbi vya Chuma
Wakuu, habari za jioni. Tangu nimwone Alphonce Simbu akimpita yule Mjerumani pale Tokyo, Septemba 2025, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akili yangu haijatulia. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha imepatikana hatua za mwisho kabisa za kilomita 42! Nikaikumbuka klabu yetu na ile barabara ya kupanda Mweka. Waliokimbia Moshi wanaijua. Unatoka mjini na furaha zako, watoto wanakupigia makofi, halafu barabara inainuka na haina habari ya kushuka mpaka ufike pa kugeuzia. Vigimbi vinawaka moto, pumzi hakuna.

Tupeane uzoefu. Mbio za karibu au za mbali, wapi ulitaka ukae chini ulie?

Mama Goba
Mweka. Sina la kuongeza.

Mchakamchaka wa Temeke
Kwangu si mlima, ni joto la hapa hapa Dar. Tulikuwa na mbio fulani Masaki, tukafika alfajiri, tukapasha misuli, tukasimama. Tunamsubiri mgeni rasmi. Jua linapanda, mgeni rasmi haji, msemaji anatuchezesha muziki. Kuja kuanza, Daraja la Tanzanite limeshakuwa kikaango. Kivuli hakuna, na ule unyevu wa baharini unafanya jasho lisikauke. Jasho lisipokauka mwili haupoi vizuri. Waandaaji watuonee huruma, mgeni rasmi atukute tunamaliza.

Pugu Kwanza
Mbio za siku hizi ni fulana na picha. Nusu ya watu wanakimbia kilomita 5, wanavaa medali wiki nzima. Mazoezi ni vilima vya Pugu, wengine ni wapambaji wa barabara.

Mama Goba
Kaka Pugu, tuheshimiane. Mimi nilianza na hizo kilomita 5 baada ya kuambiwa nina presha. Leo napanda Mweka. Huyo mwenye kilomita 5 leo ndiye jirani yako wa kilomita 21 mwakani.

Pugu Kwanza
Dada, sijakutaja wewe.

Mama Goba
Umetutaja wote.

Binti Makongo
Ngoja niwape ya kwangu, mtanisamehe kwa urefu. Nilikuwa nashuka kutoka Mweka, kile kipande ambacho kila mtu anaona kazi imekwisha. Mara mbele yangu naona fulana ya klabu yetu inapanda. Kaka mwenzetu, mwenye mbio kutuzidi wengi, anarudi mlimani, namba yake imebaki na pini moja. Nikamwita, kimya. Nikamshika mkono, ngozi inachoma kama sufuria. Namuuliza anakwenda wapi, ananijibu anawahi gari la Mbagala, konda anamwita. Macho yananitazama lakini hayanioni.

Nikapiga kelele. Bibi mmoja akatoka kwenye migomba na ndoo ya maji, kanga kiunoni, hakuuliza swali. "Mkalishe kivulini, mama." Tukamvua fulana, bibi akawa anammwagia kwa kata, kichwani, shingoni, makwapani, mimi nampepea kwa jani la mgomba. Kaka anatukana, anataka kuondoka. Watu wanapita. Wengine, wallahi, wanatupiga picha! Kijana mmoja mwenye namba ya kilomita 42 ndiye aliyesimama, akatusikiliza, akashuka mbio kutafuta gari la wagonjwa. Sikupata hata kumuuliza jina. Gari lilichelewa mno, ndoo ikawa inaenda bombani na kurudi. Kaka alipoanza kutetemeka na kuniita kwa jina langu, ndipo nilipokaa chini nikalia kwa sauti.

Mchakamchaka wa Temeke
Dah! Dada umenitoa jasho hapa nilipokaa.

Pugu Kwanza
Pole sana. Ila angekunywa maji ya kutosha kila kituo yasingemkuta.

Nesi wa Zamu
Mkuu, hilo si kweli. Mwili unaweza kupata joto kali hata kama mtu amekunywa. Tena ukinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damuni inapungua, nako ni hatari. Na mtu aliyechanganyikiwa usimlazimishe kunywa, atapaliwa. Mpoze mwili kwanza, haraka, hata kabla gari halijafika. Yule bibi alifanya sawasawa kabisa.

Mzee wa Kigamboni
Madafu mawili usiku wa kuamkia mbio. Nimemaliza.

Mama Goba
Shikamoo mzee. Madafu usiku si utakesha chooni? Chungwa na chumvi kidogo.

Mzee wa Kigamboni
Marahaba. Jaribu kwanza, ubishe baadaye.

Mdau wa Ughaibuni
Mimi ni mbio za Boston, Marekani. Kilima cha Heartbreak si kirefu, ila kinakuja baada ya kilomita 32, miguu imeshachoka kwa ile miteremko ya mwanzo. Pale nilimuwaza Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa. Wa pili 1988, wa pili 1989, wa pili 1990, barabara ile ile, na ule wa 1988 alizidiwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya! Novemba 1989 akaenda New York akashinda. Mtu aliyerudi pale baada ya sekunde ile anastahili kutajwa kila siku.

Vigimbi vya Chuma
Kweli kabisa, mkuu. Binti Makongo, yule kaka anaendeleaje?

Gari la Mbagala
Anaendelea vizuri, ndiye mimi. Sikumbuki konda wala migomba, nakumbuka maji ya baridi shingoni tu. Dada, Mungu akuzidishie. Nielekeze nyumba ya yule bibi, nataka nimpelekee doti ya kanga.

Binti Makongo
Kaka! Ukipanda ni mkono wa kulia, kuna geti la bati la bluu, bomba liko nje. Tutakwenda wote.

Pugu Kwanza
Nachangia kanga. Lakini bado nasema maji.

Nesi wa Zamu
Pugu, njoo mazoezini Jumapili, Coco, saa 11 na nusu alfajiri. Tutaongelea hapo.