FoxPro: VAT inakuwa sifuri na mistari inahamia ankara nyingine, chanzo ni PUBLIC?

Fundi_Gerezani

Wakuu, habari za jioni. Nahudumia mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo. Ni Visual FoxPro 9, ila sehemu kubwa ya msimbo ilihamishwa kutoka FoxPro ya DOS jinsi ilivyokuwa. Kompyuta ni 4, DBF zote (faili za majedwali) ziko kwenye folda moja ya seva. Mwanzoni mwa main.prg kuna vigeu (variables) 63 vya PUBLIC, yaani vya mfumo mzima, na karibu kila fomu inazisoma na kuziandika.

La kwanza: tangu niongeze fildi ya vat kwenye ankara.dbf (mhasibu anataka kulinganisha na risiti za EFD, mashine za kodi), ankara mpya zinahifadhiwa bila VAT. Mzigo wa 100,000 unatoka na jumla ya 100,000 badala ya 118,000. Cha ajabu, fomu ya makadirio inatumia kigeu hichohicho cha vat na inatoa 118,000 bila shida.

```
PUBLIC vat, gnNamba        && main.prg
vat = 0.18

SELECT ankara              && fomu ya mauzo
APPEND BLANK
REPLACE namba WITH gnNamba, kiasi WITH lnKiasi
REPLACE jumla WITH lnKiasi * (1 + vat), vat WITH lnKiasi * vat
```

La pili, mara mojamoja mistari ya mteja mmoja inakutwa kwenye ankara ya mteja mwingine. La tatu, kompyuta mbili zimeshatoa ankara zenye namba moja. Namba inapatikana kwenye Init ya fomu (rutini inayoendeshwa fomu ikifunguliwa): GO BOTTOM, yaani nenda mstari wa mwisho, halafu gnNamba = namba + 1. Nilidhani PUBLIC ingezuia hilo kwa kuwa ni ya wote.

Mwenye duka hataki kusikia habari ya kuandika upya. Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

Mkongwe_DBF

Mkuu, VAT yako haijapotea, inasomwa kwingine. FoxPro ikikuta jina tupu kwenye hesabu, inatafuta kwanza fildi yenye jina hilo kwenye jedwali lililochaguliwa. Ikikosa ndipo inageukia vigeu. Wewe umetoka kufanya APPEND BLANK (mstari mpya mtupu), fildi ya vat ina 0, basi 1 + vat ni 1. Kwenye makadirio nadhani jedwali lililochaguliwa ni la bidhaa, halina fildi ya vat, kwa hiyo kinasomwa kigeu. Dawa ni m. mbele ya kigeu:

```
REPLACE jumla WITH m.lnKiasi * (1 + m.vat), ;
        vat WITH m.lnKiasi * m.vat
```

Usibadilishe faili zima kwa mkupuo. Jina lililo kabla ya WITH ni fildi, ukiliwekea m. litagoma. Na ukiandika vat = 0.18 bila REPLACE, hapo daima kinaandikwa kigeu, hata kama fildi ya jina hilo ipo. Yaani kuandika kunakwenda huku, kusoma kunatoka kule, kwa jina moja.

Leo hii pitia pia SQL zako. Kama kuna kigeu kinaitwa namba, mstari huu ni balaa:

```
DELETE FROM ankara WHERE namba = namba
```

Pande zote mbili ni fildi, sharti ni kweli kwa kila mstari, jedwali zima linawekewa alama ya kufutwa. Ukiwahi kabla ya PACK (inayofuta moja kwa moja), RECALL ALL inairudisha, ingawa itafufua na zile zilizofutwa kihalali.

Msimbo_Pwani

Nijibu la pili na la tatu. PUBLIC ni ya wote ndani ya EXE moja inayoendeshwa, kwenye RAM ya kompyuta ile. Kompyuta ya pili ina gnNamba yake, hazijuani kabisa. Kwa hiyo zote mbili zinaenda GO BOTTOM, zinakuta 4512, zinajipa 4513.

Ndani ya kompyuta moja ni kinyume: fomu zinajuana kupita kiasi. Muuzaji kafungua ankara ya mteja A, mteja bado anachagua bati, muuzaji akafungua fomu ya pili kwa mteja B. Init ya pili imeandika gnNamba upya. Akirudi kwa A kuongeza misumari, mstari unaingia na namba ya B. Wala DataSession binafsi haikuokoi hapo, kwa sababu inatenganisha majedwali yaliyofunguliwa na baadhi ya SET kama SET DELETED na SET EXACT. Vigeu vya PUBLIC haivigusi.

Weka nNamba iwe sifa ya fomu, ThisForm.nNamba, kila fomu ibebe yake. Namba yenyewe itoke kwenye jedwali dogo la mstari mmoja, mfululizo.dbf, fildi moja inaitwa mwisho:

```
FUNCTION NambaMpya
LOCAL lnNamba, lnEneo
lnNamba = 0
lnEneo = SELECT()
USE mfululizo IN 0 SHARED AGAIN ALIAS mfl
SELECT mfl
SET REPROCESS TO 10 SECONDS
IF RLOCK()
   lnNamba = mfl.mwisho + 1
   REPLACE mwisho WITH m.lnNamba
   UNLOCK
ENDIF
USE IN mfl
SELECT (m.lnEneo)
RETURN m.lnNamba
```

RLOCK() inaufunga mstari ili kompyuta nyingine isubiri. Ikishindwa, rutini inarudisha 0: mwambie muuzaji ajaribu tena, usihifadhi. Kabla ya kuiwasha, weka kwenye mwisho namba kubwa kuliko zote zilizopo. Na iite wakati wa kuhifadhi, si kwenye Init, la sivyo kila fomu iliyofungwa bila kuuza inaacha pengo la namba. Mistari ikae kwenye jedwali la muda (cursor) mpaka hapo.

Zile PUBLIC zilizobaki, mimi ningezihamishia zote kwenye kitu (object) kimoja, oApp, tumalizane.

Prg_Kigamboni

Hapo kwenye "zote" sikubaliani na mkuu. Jina la duka, TIN, njia ya folda ya data: vinawekwa mara moja mfumo unapowaka, baada ya hapo vinasomwa tu. Hivyo viache, havimuumizi mtu. Hatari ni vile vinavyoandikwa katikati ya kazi: namba, mteja wa sasa, jumla, hali ya "mpya" au "hariri". Hivyo ndivyo vya kuviondoa, kimoja kimoja, ukijaribu baada ya kila kimoja.

Kujua vinaandikwa wapi, usitegemee kutafuta kwenye .prg pekee. Fomu ni jedwali. Chukua nakala ya .scx pamoja na .sct yake, kisha:

```
LOCAL ARRAY laFomu[1]
LOCAL lnIdadi, i
lnIdadi = ADIR(laFomu, "fomu\*.scx")
FOR i = 1 TO m.lnIdadi
   USE ("fomu\" + laFomu[m.i, 1]) IN 0 AGAIN ALIAS fx NOUPDATE
   SELECT fx
   SCAN FOR "GNNAMBA" $ UPPER(methods) OR ;
            "GNNAMBA" $ UPPER(properties)
      ? laFomu[m.i, 1], objname
   ENDSCAN
   USE IN fx
ENDFOR
```

(Alias usiiite F tupu. Herufi A mpaka J ni majina ya maeneo ya kazi.) Kwenye properties ndiko wanakojificha akina ControlSource (sifa inayounga kisanduku cha fomu na fildi au kigeu). Ripoti .frx tafuta kwenye expr na supexpr, menyu .mnx kwenye command, procedure na skipfor. Kinachobaki ni majina yanayoungwa njiani, mfano &lcJina au EVALUATE("gn" + lcSehemu). Hayo huyapati kwa kutafuta jina zima, tafuta neno EVALUATE na alama ya & yenyewe.

VAT ningeiweka kwenye oApp, maana pale unaweza kumkamata anayeiharibu:

```
DEFINE CLASS Mfumo AS Custom
   nVAT = 0.18
   PROCEDURE nVAT_Assign
      LPARAMETERS tnMpya
      IF VARTYPE(m.tnMpya) = "N" AND BETWEEN(m.tnMpya, 0, 1)
         THIS.nVAT = m.tnMpya
      ELSE
         ERROR "VAT mbaya kutoka " + PROGRAM(PROGRAM(-1) - 1)
      ENDIF
   ENDPROC
ENDDEFINE
```

Akija mtu na 18 badala ya 0.18, ujumbe unataja rutini iliyomtuma.

Fundi_Gerezani

Asanteni sana. m. imetibu VAT, ankara ya majaribio imetoka 118,000 na fildi ya vat ina 18,000. Nimeanza kuondoa gnNamba, ila kuna rutini ya kuchapa ambayo kwenye kompyuta yangu inakwenda vizuri, nikijenga EXE inasema Variable 'GNNAMBA' is not found. Na ripoti yenyewe inaitumia kwenye kichwa.

Mkongwe_DBF

Uliwahi kuandika gnNamba = kitu fulani kwenye dirisha la Command. Kigeu kinachozaliwa pale kinakuwa PUBLIC na kinabaki mpaka ukifute. Kabla ya kila jaribio piga CLEAR ALL. Tena tafuta kama rutini za zamani zina CLEAR MEMORY au PRIVATE ALL: ya kwanza inafuta vigeu vyote, PUBLIC zikiwemo. Ya pili inavificha vya juu mpaka rutini imalizike.

VFP 9 inaweza kukutajia vigeu visivyotangazwa. Washa hizi kabla ya kuendesha, kisha soma faili:

```
_VFP.LanguageOptions = 1
SET DEBUGOUT TO vigeu.txt
```

Kwa ripoti usitumie LOCAL. Tangaza PRIVATE kwenye rutini inayoiita, itaonekana na kila kilicho chini yake na itakufa rutini ikiisha:

```
LPARAMETERS tnNamba
PRIVATE pnNamba
pnNamba = m.tnNamba
REPORT FORM ankara TO PRINTER NOCONSOLE
```

Ndani ya .frx badilisha gnNamba kuwa m.pnNamba, na kitufe cha kuchapa kipeleke ThisForm.nNamba.