GA-P67A-UD4 na GA-P67A-UD4-B3: REV ni ileile, tofauti iko wapi?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Naunganisha mashine ya kuhifadhia mafaili: prosesa i5-3470, SSD moja na hadi diski tatu. Nimepata mazabodi mbili za mtumba, GA-P67A-UD4 na GA-P67A-UD4-B3. Zote zimeandikwa REV 1.0 kwenye kona, ila yenye B3 ina bei zaidi. Hiyo nyongeza inalipia nini?

Jibu la 1
Mkuu, hapo kuna vitu viwili tofauti. REV 1.0 ni toleo la ubao wenyewe, yaani mpangilio wa njia za umeme na vifaa vilivyochomelewa juu yake. B3 ni toleo la chipu ya P67, ile inayoendesha tundu za diski, iliyo chini ya kile kipoozeo kidogo. Ubao ukibaki uleule chipu inaweza kubadilishwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 31 Januari 2011 Intel walitangaza kasoro kwenye chipu za B2, toleo lililo kwenye mabodi yasiyo na -B3; B3 ndiyo iliyorekebishwa. Transista moja inayohudumia tundu za SATA (za kuunganishia diski) za 3Gb/s ilikuwa inapokea volteji kubwa mno, ikawa inavujisha umeme, na hali inazidi kuwa mbaya kadiri miaka inavyokwenda. Tundu mbili za 6Gb/s hazihusiki, wala prosesa haina tatizo. Kwa mashine yenye diski nne, lipia B3. Hapo hakuna mjadala.

Jibu la 2
Usiamini boksi peke yake, maana mtumba hubadilishwa maboksi. Washa kwa flashi ya Linux, andika lspci | grep SATA. Hapo rev ni ya chipu, si ya ubao: ukiona rev 04 ni B2, rev 05 ni B3. Kwenye Windows fungua CPU-Z, kichupo cha Mainboard, soma mstari wa Southbridge, ambao ni chipu hiyo ya P67.

Muuliza swali
Asanteni. Ikitokea yenye B3 imeshauzwa, hii B2 haifai kabisa?

Jibu la 2
Inafaa kwa diski mbili tu. Tumia SATA3_0 na SATA3_1. Hiyo 3 ni kizazi cha SATA, namba ya tundu ni ile ya mwisho. SATA2_2 mpaka SATA2_5 ziache wazi. Diski zinazobaki weka kwenye kadi ya SATA inayochomekwa kwenye nafasi ya PCIe ya ubao, mfano zenye chipu ya ASM1061, inayobeba diski mbili.

Tundu likianza kuchoka, diski hupotea na kurudi, au namba 199 kwenye SMART (ripoti ya afya ya diski), inayohesabu makosa ya kusafirisha data, inapanda. Badilisha waya kwanza, kwa sababu waya mbovu huleta dalili hiyohiyo. Namba hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo angalia kama inaendelea kuongezeka.

Jibu la 3
Wakuu mmeisahau prosesa. i5-3470 ni ya kizazi cha 2012, na P67 yenye BIOS (programu ya kuwashia ubao) ya zamani haitawaka nayo. Mwambie muuzaji aiwashe kwa prosesa ya kizazi cha pili, i3-2100 kwa mfano, kisha uweke BIOS mpya kwa Q-Flash, zana ya kuisasisha iliyo ndani ya ubao wenyewe, prosesa hiyo ikiwa bado imo. Faili lipakue kwenye ukurasa wa jina kamili la ubao, pamoja na -B3 na REV yake. Halafu P67 haitoi picha kupitia prosesa hata kama prosesa ina uwezo huo, kwa hiyo ongeza kadi ya picha kwenye bajeti.