Mjadala: Video ikishasambaa, mizani ya msimamizi wa kundi iwe moja kwa kila mtu?

Mwanzisha mada, Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum wanabaraza. Naulizia makundi yetu ya mji, ya WhatsApp na Facebook, yenye mamia ya watu, ambako video ikiingia asubuhi, adhuhuri iko Faza, Witu na Malindi.

Chukulia video mbili, kila moja sekunde 40. Ya kwanza, kijana wa boti anazozana na mtalii gatini. Ya pili, mwenye duka anayejulikana mji mzima anamfokea mchukuzi wa punda. Zote zimerekodiwa hadharani, nyuso zaonekana, na zote zimeanzia katikati ya ugomvi, hujui nani alichokoza. Ya kijana huachwa wiki nzima ikizoa matusi. Ya mwenye duka hufutwa kabla ya sala ya adhuhuri, na msimamizi akiulizwa hujibu, "Tuheshimiane." Mkuki kwa nguruwe.

Rai yangu ni kwamba maswali yawe yale yale kwa kila video, na yajibiwe kabla ya kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Je, kuna mtoto, maiti, au mtu aliye uchi? Je, anayeonekana anatambulika, naye si mtumishi wa umma aliye kazini? Je, mahali na tarehe vimethibitishwa? Je, maneno yaliyoambatana nayo yanaita watu wakamdhuru mtu? Anayefutiwa aambiwe ni swali lipi lililomfutisha. Kanuni za Santa Clara za mwaka 2018, zilizoandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya mitandao, zilidai mambo matatu: idadi ya vilivyofutwa itangazwe, aliyefutiwa apewe sababu, na awe na pa kukata rufaa. Kundi la watu 600 linashindwaje na hayo?

Mchangiaji, Mkomani (Lamu)

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, kufuta bila sababu ni dhuluma, hapo tuko pamoja. Ila "mizani moja" ni neno tamu linaloficha jambo. Watu hawaingii kwenye video wakiwa sawa. Askari mwenye sare anayepokea pesa barabarani, na mwanamke anayelia nje ya Mahakama ya Kadhi, wote wako hadharani na wote wanatambulika. Katiba ya Kenya ya 2010 ina ibara ya 33 ya uhuru wa kujieleza na ibara ya 31 ya faragha. Kwa askari, ya 33 inatangulia, kwa sababu anachokifanya anakifanya kwa jina letu. Kwa yule mama, ya 31 inatangulia, kwa kuwa msiba wa nyumba yake si mali ya mtu.

Swali lako la pili limelijua hilo nusu. Mwenye duka je? Si mtumishi wa umma, lakini ana jina na ana uwezo wa kuweka wakili. Mchukuzi hana. Ukifuta video zote mbili kwa kanuni yako, anayeponea hapo ni mwenye duka.

Kuhusu mtoto sibishani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Asiniambie mtu kwamba kundi ni "mambo ya nyumbani." Sheria hiyo kweli inaachilia matumizi ya mtu binafsi na familia yake, lakini watu 600 si familia.

Mchangiaji, Barani (Malindi)

Kabla ya haki tukitazame chombo chenyewe, maana malalamiko mengi ya upendeleo chanzo chake ni kutokijua.

WhatsApp ilimruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kuanzia 2022. Ikifutwa, inabaki alama inayoonyesha nani amefuta, kwa hiyo kundi zima linaona mkono wa nani umepita. Sababu haionekani. Pengo hilo la sababu ndilo watu wanalolijaza kwa ukabila na umtaa. Mstari mmoja chini ya alama, "Imefutwa, swali la 1, mtoto anatambulika," unazima nusu ya ugomvi. Pia jueni kwamba simu iliyowekwa kupakua video yenyewe inaweza kubaki nayo hata baada ya kufutwa, kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Video ikikaa saa 6, kufuta ni kuosha sahani tu, chakula kimeshaliwa.

Mishale miwili juu ya video maana yake imepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na tangu Aprili 2020 ya namna hiyo hupelekwa kwa gumzo moja kwa wakati. Haithibitishi kwamba ni ya uongo. Inathibitisha kwamba aliyeileta siye aliyeirekodi. Basi kanuni iwe nyepesi: yenye mishale miwili husubiri, awe ameileta imamu au mpiga debe.

Na hapa ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote. Facebook unaweza kuzima maoni chini ya chapisho moja na kuliacha lenyewe. WhatsApp huwezi. Unachoweza ni kufunga kundi zima ili wasimamizi tu ndio waandike. Kwa hiyo msimamizi wa WhatsApp akishindwa na matusi, anafuta video, na video halali inabeba adhabu ya maoni machafu. Hizo ni hukumu mbili tofauti. Fungeni kundi dakika 30, futeni matusi moja moja, mwenye kutukana asimamishwe, kisha mfungue. Telegram ina kitu cha katikati, mwendo wa polepole, unaomfanya kila mtu asubiri kuanzia sekunde chache mpaka saa 1 kabla ya kuandika tena. Kwa video ya ugomvi, dakika 5 zinatosha kupoza.

Mchangiaji, Faza (Pate)

Maalim wa Barani umesema kweli kuhusu maoni, lakini umeruka namna watu wanavyoyachuja. Wengi wanaweka orodha ya maneno yaliyokatazwa, mashine ifute yenyewe, wakidhani mashine haina ndugu. Mashine haina ndugu, lakini masikio pia haina.

Tazameni orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi. Yalikuwemo "madoadoa" na "kwekwe." Ziweke hizo kwenye kichujio cha kundi la Lamu uone. Anayeuza vitambaa vya madoadoa anafutiwa tangazo. Mkulima wa Mpeketoni anayeuliza dawa ya kwekwe kwenye shamba la mahindi anafutiwa swali. Na yule mwenye chuki hasa ameshabadili herufi moja, au ameweka nukta katikati ya neno, au ametuma sauti, na amepita. Orodha hiyo hiyo ilikuwa na "wabara waende kwao." Hilo halina maana mbili, si neno la shambani. Kwa hiyo funzo si kwamba orodha zote hazifai. Neno moja pekee lizue tu bendera ili mtu asome, na kauli kamili inayofukuza watu ifutwe moja kwa moja. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, inaweka hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3 au vyote viwili kwa matamshi ya chuki, na aliyeandika hasalimiki kwa kuwa aliandika chini ya video ya mwingine.

Lahaja nayo ni mtego. Msimamizi wa Nairobi au Mombasa anayesoma Kibajuni atapitisha tusi asilolijua na kufuta utani asiouelewa. Kundi lenye watu wa Kizingitini, Amu na Mpeketoni lisisimamiwe na watu watatu wa mtaa mmoja. Na mmoja wao awe macho baada ya isha. Video nyingi za moto huingia usiku, wasimamizi wamelala, alfajiri wanakuta zimeshazunguka.

Sasa swali la tatu la mwanzisha mada, mahali na tarehe. Hilo ndilo linaloweza kupimwa bila kujua ni ya nani, na sisi wa pwani tuna vipimo. Sehemu ya mbele ya mji wa Lamu inatazama Manda, mashariki. Video ya "asubuhi ya leo gatini" ambayo vivuli vinaelekea Manda imerekodiwa alasiri. Tazama maji: siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwetu hufika karibu mita 3, siku za maji mafu ni ndogo sana. Video inayodaiwa ya maji mafu lakini inaonyesha ufuo mtupu mbali kabisa, ina neno. Malindi je? Wakati wa upepo wa kaskazi tope la Mto Sabaki husukumwa kusini likaichafua ghuba yenu, wakati wa upepo wa kusi hupelekwa upande wa Mambrui. Hivyo havithibitishi tarehe, vinakanusha tu, lakini kukanusha ndiko kunakotakiwa mtu anaporudisha video ya zamani ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, lililoua zaidi ya watu 60, na kuandika "sasa hivi." Ukishindwa kwa macho, kata picha tatu kutoka kwenye video, mwanzo, kati na mwisho, uzitafute kwa Google Lens. Picha moja haitoshi, huenda isipatikane, na wengi pia hugeuza video kushoto kulia au hukata pembe.

Mwanzisha mada, Langoni

Ndugu wa Faza, hilo la kichujio nimelipokea. Dada wa Mkomani, nikubali au nisikubali, umenionyesha kwamba "kutambulika" hakutoshi. Nabadili swali la pili liwe: aliyerekodiwa ana madaraka gani juu ya mwingine aliyemo kwenye video hiyo hiyo? Mwenye duka anayemfokea mchukuzi ana madaraka. Video ibaki, na uso wa mchukuzi ufichwe. Kijana wa boti na mtalii, hakuna mkubwa. Nyuso zote zifichwe au isubiri ya mwanzo ipatikane.

Na mwanzo ni muhimu. Februari 2024 Bodi ya Usimamizi ya Meta, kampuni yenye Facebook, iliamua kesi ya video ya Rais Biden iliyokatwakatwa kwa njia ya kawaida, bila akili mnemba, hadi ikatoa maana chafu. Ilibaki, kwa sababu kanuni za wakati huo ziligusa zilizotengenezwa kwa akili mnemba tu. Bodi yenyewe ilisema kanuni hiyo haina mantiki na ikashauri video za namna hiyo ziwekewe alama. Huku kwetu mkato wa sekunde 5 za mwanzo ndio unaoharibu watu.

Mchangiaji, Shella (Malindi)

Nyinyi mnazungumzia ugomvi wa gatini. Sisi Malindi swali la kwanza ndilo zito, maiti. Aprili 2023 miili ya wafuasi wa dhehebu la kufunga hadi kufa ilianza kufukuliwa msitu wa Shakahola, mwishowe zaidi ya 400. Familia zilingoja vipimo vya DNA, na za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024. Fikirini mama aliyeko Kisumu au Kakamega anayeitambua nguo ya mwanawe kwenye simu, miezi kabla ya daktari kumwambia. Kwa maiti nisingetaka mjadala wala kura. Anayeiona kwanza afute, aulize baadaye. Upole wa wasimamizi hapo ni ukatili.

Kasi ina hesabu yake. Machi 15, 2019, muuaji aliyeshambulia misikiti ya Christchurch, New Zealand, alijirekodi moja kwa moja Facebook. Waliotazama papo hapo hawakufika 200. Ripoti ya kwanza ya mtazamaji ilikuja dakika 29 baada ya kuanza, na katika saa 24 Facebook iliondoa nakala milioni 1.5, kwa kuwa kila aliyekata au kuirekodi upya kutoka kwenye skrini alitengeneza faili jipya ambalo mashine haikulitambua.

Mchangiaji, Mkomani

Mamangu wa Shella, machungu hayo nayaelewa, lakini "afute, aulize baadaye" imewahi kupoteza ushahidi. Mwaka 2017 YouTube iliondoa maelfu ya video za vita vya Syria zilizokusanywa kama ushahidi wa uhalifu. Na Juni 25, 2024, waandamanaji walipopigwa risasi nje ya Bunge Nairobi, zilizoonyesha nini kilitokea ni simu za watu.

Kufuta kusiwe kuharibu. Kabla ya kufuta, msimamizi amwombe aliyerekodi atunze faili la kwanza kwenye simu yake, alinakili kwenye kadi, na akilituma alitume kama hati, kwa kuwa video ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa za saa na kifaa. Mahakamani itatakiwa cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza kilirekodiwa na kifaa gani na kilitolewaje. Nakala yenye mishale miwili ni vigumu kuiandikia cheti hicho. Ila picha za uchi zisitunzwe na msimamizi kabisa, wala zisipelekwe kwa wasimamizi wenzake "waone." Kifungu cha 37 cha sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 kinamgusa anayesambaza, hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2 au vyote viwili, na kuwapelekea wenzako ni kusambaza.

Mchangiaji, Barani

Hapo nakubaliana na wote wawili: iondoke machoni, ibaki kwa mwenyewe.

Kwa usawa wenyewe, kuna njia ya kuupima badala ya kuapiana. Chukueni video 20 za zamani, ondoeni majina ya walioleta, wasimamizi wawili waziamue kila mmoja peke yake kwa maswali yale manne. Wakikubaliana chini ya 16, kanuni imeandikwa vibaya, si watu wabaya. Zile walizotofautiana ndizo za kuandikia maelezo. Rudieni kila miezi mitatu. Na wekeni daftari, hata la karatasi: tarehe, saa iliyoingia, saa iliyofutwa, swali la ngapi, aliyefuta, kama kulikuwa na rufaa na ikaishaje. Mwisho wa mwezi safu ya saa itawaambia yote. Ikiwa za vijana wa boti hufutwa baada ya saa 9 na za wenye maduka baada ya dakika 20, hakuna haja ya kubishana tena.

Mchangiaji, Matondoni (Lamu)

Nimewasoma wote. Limebaki moja hamjaligusa: video ikiletwa na msimamizi mwenyewe, au ikimwonyesha nduguye? Rufaa inakwenda kwa nani ikiwa wasimamizi wote watatu wanakula sinia moja? Napendekeza kundi la Lamu na kundi la Malindi yabadilishane msimamizi mmoja, asiye na neno kwenye mambo ya kila siku, wa rufaa peke yake, ajibu ndani ya saa 24, na jibu lake libandikwe kundini kama lilivyo. Wa Malindi mko tayari kumtoa mtu?