Wakuu ushauri: nataka miwani ya VR, nimenogewa na ndege za mabawa mawili

Rubani wa Igoma (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Igoma. Kuna jamaa yangu ana miwani ya VR, ile unayovaa machoni unajiona uko ndani ya gemu, aina ya Quest 2. Alinivalisha nijaribu gemu la ndege za Vita ya Kwanza ya Dunia, Warplanes: WW1 Fighters, na tangu hapo akili haijarudi. Tukishakula tu tunaanza kupokezana, mpaka adhana ya alfajiri.

Magemu ya jeti nimeyacheza sana. Kule unatuma kombora kwenye nukta iliyo mbali huko, halafu unakaa kusubiri. Huku hakuna rada wala kombora. Una bunduki mbele ya pua na adui lazima umsogelee mpaka umwone kichwa. Akikupotea unageuza shingo yako mwenyewe, unachungulia nyuma ya bega, unachungulia chini ya bawa, maana hujui anakuja toka wapi. Na chumba cha rubani hakina paa. Siku moja niliegemea ukingo wa ndege ambao haupo, nikadondoka kwenye kochi.

Sasa jamaa anauza hiyo yake ya GB 128, na kuna mwingine ana ya 256. Nichukue ipi? Pia nafikiria kibanda ufukweni, buku kwa dakika tano. Hela itarudi? Matusi sihitaji.

Kambale Mkavu
Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu waje.

Mama Dagaa Kirumba
Mdogo wangu, biashara ya ufukweni usiiingie kichwa kichwa. Mimi nilianika mzigo wa dagaa kwenye mchanga, mbingu nyeupe kabisa, nikaenda kunywa chai. Mvua iliyoshuka hapo! Dagaa wote wakaishia kuwa chakula cha kuku, na mwenye kuku akanilipa kwa maneno. Sasa nauliza, mtaji ni wako?

Pangaboi
Achana na GB kwanza. Umeshaijua Sopwith Camel, ndege ya Mwingereza ya mwaka 1917? Injini yake silinda zote zinazunguka pamoja na pangaboi. Chuma chote kile kikizunguka, ndege inakata kona ya kulia haraka ajabu, ya kushoto inagoma. Wanafunzi wengi wa urubani walikufa nayo hata adui hawajamwona. Aliyeizoea ndiye aliyekuwa hatari.

Upande wa pili kuna Fokker Dr.I ya Mjerumani, mabawa matatu, nyepesi, inapanda juu vizuri. Ndiyo aliyofia Richthofen, rubani wao maarufu, tarehe 21 Aprili 1918, akiwa amehesabiwa ushindi 80. Ukitaka kuzihisi tabia hizo zote tafuta gemu la IL-2 Flying Circus, ila hilo inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya maana, siyo miwani peke yake.

Rubani wa Igoma
Pangaboi mkuu, wewe ndiye mtu wangu! Hivi kweli bunduki ilikuwa inapiga katikati ya pangaboi bila kulikata?

Pangaboi
Kweli. Kuna mtambo unaoruhusu risasi itoke pale tu panga likishapita. Wajerumani waliufunga kwenye Fokker mwaka 1915, Waingereza na Wafaransa wakapata tabu sana angani mpaka nao walipopata wa kwao.

Mzee wa Kamanga
Vijana mnaiona hiyo vita kama sherehe. Ilifika hapa. Mwaka 1915 Waingereza walirusha ndege kutoka Mafia kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha mtoni Rufiji, ndege ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli zao mpaka ikaisha, Julai mwaka huo. Julai iliyofuata wakaichukua Mwanza kwa Wajerumani. Babu yangu hakuona rubani. Alichoona ni kreti za risasi, akabebeshwa mpaka mabega yakapinda. Gemu la mpagazi mmeshalitengeneza?

Kambale Mkavu
Mzee hilo hakuna atakayelipia buku 😂

Neema Tele
Kijana, usiku mzima unatungua watu wa kufikirika na adhana unaisikia! Kaswali ulale. Vita haijawahi kuwa mchezo.

Mama Dagaa Kirumba
Mleta mada, swali langu umeliruka. Mtaji ni wa nani?

Rubani wa Igoma
Hela ipo, dada. Tujadili kibanda.

Mama Dagaa Kirumba
"Ipo" siyo jibu.

Rubani wa Igoma
Haya. Dada yangu yupo Ukerewe, ana mtumbwi wa dagaa. Alinitumia hela nimtafutie injini ya mtumba hapa mjini. Lakini sikilizeni kabla hamjanirukia. Injini yake ya sasa haijafa, inakohoa tu. Na huu ni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wote wako nchi kavu wanashona nyavu. Mpaka giza lirudi kibanda kitakuwa kimeshazalisha, injini nanunua, hakuna anayeumia. Siyo wizi, ni mzunguko.

Na jamaa nimeshampa laki tatu.

Kambale Mkavu
Injini inakohoa tu 😂😂 Katikati ya ziwa! Mpelekeeni dawa ya kifua.

Mama Dagaa Kirumba
Kumbe ulishaamua, ushauri unaombea nini? Injini ikizimika kule kwenye maji makuu na upepo umeamka, dada yako ataita nani? Wewe na ndege yako ya mabawa mawili?

Shemeji wa Sengerema
Jamani subirini. Mimi naona hii chai. Amejiunga leo leo, ujumbe wa kwanza umetaja jina la gemu, aina ya miwani na GB zake. Halafu anacheza mpaka alfajiri? Betri ya Quest 2 haidumu hata masaa matatu. Huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anapima soko. Dada wa Ukerewe ni wa kutunga.

Rubani wa Igoma
Chai iko wapi? Tunaunga pawabenki, tumeifunga nyuma ya kichwa kwa mpira wa baiskeli. Tena inasaidia, maana miwani ni nzito kwa mbele.

Pangaboi
Hapo hadanganyi, hata mimi nafanya hivyo.

Shemeji wa Sengerema
Basi nyie wawili ni mtu mmoja.

Pangaboi
Mimi nipo humu kabla hujajua kuwasha simu.

Msambazaji Mabondo
Chai au siyo chai, mwenye miwani aseme bei ya mwisho. Nina vijana wangu wawili nyumbani wanamaliza bando langu kwa video.

Neema Tele
Yaani uzi umegeuka mnada.

Rubani wa Igoma
Haiuzwi hiyo, nimeshaweka laki tatu. Jumamosi namalizia. Dada nitamweleza mwenyewe akija mjini, mambo ya familia tuachieni. Narudia swali: GB 128 au 256?

Mama Dagaa Kirumba
Haya. Taja mwalo anaoshusha dada yako, nina watu Nansio.

Pangaboi
128 inatosha, magemu hayo siyo mazito. Ila kwenye kibanda mteja akae kwenye kiti, asisimame, na mwanzoni asipigishwe mizunguko. Macho yanamwambia anaruka, sikio la ndani linamwambia amekaa, tumbo linaamua kesi. Weka ndoo. Na miwani usiiache mezani lenzi zikiangalia jua, zinakusanya miale na kuunguza kioo cha ndani, doa halitoki tena. Ukifungua nishtue, nipo Buzuruga, nikufundishe kona ya kulia.